Vipimo vya Marehemu na Kirusi cha Fidia

Si kweli kwamba kompyuta ya marehemu mpima ardhi ilikutwa na picha chafu. Maneno hayo yalianzia saluni, yakahamia kwenye foleni ya maji, na yalipofika duka la dawa yalikuwa yameota ndevu. Huko ikasemwa kwamba mjane wake ndiye aliyeifunga mashine kwa makusudi, ili kuficha mipaka ambayo mumewe aliihamisha kwa rushwa. Wapo waliosema yote mawili kwa mpigo, kana kwamba mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupima viwanja angepata nafasi ya kutazama picha chafu na bado akabaki na nguvu za kung'oa mawe ya mpaka. Lisemwalo lipo, husema wavivu wa kuuliza. Kilichokuwapo ni hiki.

Mjane huyo alifundisha jiografia kwa miaka thelathini na mmoja, sita ya mwisho akiwa mkuu wa shule. Wanafunzi walimwita Bi Nukta, kwa sababu barua ya mzazi ikikosa nukta mwishoni aliirudisha kwa mwenyewe. Jina hilo alilijua. Hakulipenda, wala hakulikataa. Mumewe alikuwa mtu mrefu, mpole, shingo imeungua jua upande mmoja, na alikuwa na desturi moja iliyowachosha wasaidizi wake wote. Kila mstari aliupima mara mbili, kwenda na kurudi. Namba zisipokutana alianza upya, hata kama mawingu yametanda na mwenye kiwanja ameanza kunung'unika.

"Kwenda ni kupima," alikuwa akisema. "Kurudi ndiko kujua."

Madaftari yake ya vipimo yalifika arobaini na matatu. Mwaka mmoja paa la chumba cha nyuma lilivuja wakati familia yote iko msibani, na waliporudi walikuta wino umegeuka maji ya buluu. Bahati ni kwamba mwenyewe alikuwa amekwisha kuyaingiza yote kwenye kompyuta, kidole kimoja kimoja, jioni baada ya jioni. Kwa hiyo alipofariki, vipimo vya viwanja zaidi ya mia nane vilikuwa ndani ya sanduku moja jeusi lililofunikwa kitambaa cha kufuma.

Ofisi ya ardhi ilikuwa na ramani zake, lakini ramani zile huonyesha umbo la kiwanja tu. Mafaili ya marehemu yalionyesha jiwe lilipo hasa: mita ngapi na sentimita ngapi kutoka kona ya kisima, upande gani wa nguzo. Watu wakigombea mpaka, huko ndiko walikokimbilia. Na mtu akithubutu kusema kwamba marehemu aliwahi kumsogezea tajiri jiwe, jibu lilikuwa humo humo, kwa tarakimu. Wengine huachiwa nyumba za kupangisha. Bi Nukta aliachiwa jina linaloweza kuthibitishwa kwa tarakimu, na alilihesabu kuwa urithi.

Watumiaji wa mashine ile walikuwa watatu. Wa kwanza ni yeye mwenyewe. Wa pili ni binti yake, muuguzi, aliyekuwa akiishi nyumbani. Wa tatu ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye mpima ardhi, aliyekuja kila Jumanne na Alhamisi kwa sababu programu ya kuchorea ya kaka yake ilikuwa kuukuu na haikukubali kuhamia kwingine.

Asubuhi moja Bi Nukta alikwenda kutoa kopi ya cheti kwenye duka la kona, kwa mtu aliyeitwa na kila mtu Mzee Kopi. Alikuta mashine zote kimya.

"Leo hakuna kopi, Mwalimu. Nimetekwa."

"Umetekwa na nani, nawe umekaa kwenye kiti chako?"

Mzee Kopi alimgeuzia kioo cha kompyuta. Kilikuwa chekundu chote, na maandishi meupe yalisema kwamba mafaili yake yamefungwa kwa ufunguo asioweza kuukisia, na kwamba atapewa ufunguo huo akilipa fidia ndani ya siku tatu. Mitihani ya shule mbili, kadi za harusi, hati za watu, vyote vilikuwa humo.

"Hukuwa na nakala?"

"Nilikuwa nayo, kwenye diski ya nje."

"Iko wapi?"

Akanyoosha kidole. Diski ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake, imechomekwa kwenye kompyuta ile ile, taa inamemeta. "Nayo wameifunga. Haijawahi kuchomolewa tangu niinunue."

"Basi ufunguo wa akiba uliuacha kwenye kitasa," Bi Nukta alisema, kisha akaona macho ya mzee wa watu yamekuwa mekundu kama kile kioo, akaona haya. Alikaa naye hadi adhuhuri, akimwandalia orodha ya wateja wa kuwaomba radhi.

Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Bi Nukta hakuishia maji, alitia na sabuni. Jioni ile ile aliketi chumba cha nyuma na binti yake, mbele yao daftari jipya la mistari, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: "Ulinzi wa Nyumba." Walianza kwa kusasisha mfumo mzima, maana ulikuwa unaomba kusasishwa tangu matanga. Kisha wakafungua programu ya ulinzi, binti akawa anasoma na mama anaandika.

"Mama, hapa kuna kitu kimezimwa. Ulinzi wa folda. Ukikiwasha, unachagua folda za kulindwa, na programu isiyojulikana hairuhusiwi kubadilisha wala kufuta kitu ndani yake. Kuteka faili ni kulibadilisha, kwa hiyo kirusi kinagonga ukuta."

"Sasa kwa nini kitu kizuri hivyo watuletee kikiwa kimezimwa?"

"Kwa sababu kinasumbua watu."

"Nami nimesumbua watu miaka thelathini na mmoja. Washa."

Binti alicheka, akawasha. Programu ilizizingira yenyewe folda za kawaida za barua na picha. Bi Nukta akaongeza kwa mkono folda ambayo mumewe aliiandika kwa herufi kubwa: VIPIMO. Ndani yake mafaili yalijipanga moja moja, kila moja na jina la kiwanja. Baada ya hapo walimfanya kila mtumiaji awe mtumiaji wa kawaida, Bi Nukta naye akiwamo, ili mtu akikosea asiwe na mamlaka ya kuangusha nyumba nzima. Mamlaka yaliwekwa kwenye akaunti ya peke yake, yenye nywila ndefu kama sentensi. Mwisho walinunua diski ya nje, wakanakili VIPIMO, wakaichomoa, wakaifungia kabatini.

Maelekezo yalionya kwamba programu za zamani huenda zikazuiwa, na kwamba italazimu kuziandika kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Kwa hiyo Jumanne Bi Nukta alimtahadharisha shemeji yake.

"Shemeji, ikikukatalia usiipige ngumi. Niite."

Haikumkatalia. Alichora, akahifadhi, akatoka akipiga mluzi. "Inanijua hii, shemeji. Mbwa hambwekei wa nyumbani."

Bi Nukta alifurahi. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake ni la mtu aliyeishi na mpima ardhi akadhani mume akiandika VIPIMO kwa herufi kubwa, basi vipimo vimo. Kimya kile kilikuwa ishara. Aliisoma kuwa heri.

Jumamosi iliyofuata, ile kauli ya kwenda na kurudi ilimjia akiwa anapasi. Nakala ameipeleka kwenye diski, sawa. Lakini je, imewahi kurudi? Alizima pasi, akaichukua diski, akaichomeka kwenye kompyuta ndogo ya binti yake, akafungua faili la kwanza. Halikufunguka. La pili vilevile. La ishirini vilevile.

"Umeziangalia alama zake?" binti aliuliza, akiwa amevaa sare tayari kwa zamu. "Kila moja ina mshale mdogo pembeni, huu hapa."

"Nilidhani ni pambo."

"Mama, hizi ni njia za mkato. Ni vibao tu vya kuonyesha faili liliko. Mafaili yenyewe yako kwingine."

Yalikuwa ndani ya folda ya ile programu kuukuu, mahali ambapo mtu hafiki ila akitumwa. Marehemu alijitengenezea vibao ili asihangaike kuzunguka. Kwa siku tano nzima Bi Nukta alikuwa amelinda vibao vya njia, akanakili vibao vya njia, akafungia vibao vya njia kabatini kwa kufuli. Alifungua daftari, akakata ukurasa mzima kwa mstari mwekundu, kama alivyokata insha za watu, akaanza upya. Folda halisi aliiingiza kwenye ulinzi, akanakili mafaili yenyewe, na safari hii alifungua mia moja kati yake kwenye mashine nyingine kabla ya kuridhika.

Jumanne, shemeji alitoka chumba cha nyuma bila mluzi.

"Imenikatalia."

"Ilikuwa lazima ikukatalie. Ngoja nikuruhusu."

"Uniruhusu?" Alibaki amesimama mlangoni. "Shemeji, mimi nimeshika utepe wa kaka tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Leo kabati la kaka yangu limetiwa kufuli, nami nisimame mlangoni kama mwuza maji?"

"Sijakufungia wewe, nimefungia programu."

"Programu inaendeshwa na nani? Na paka?"

"Keti kwanza."

"Sikai. Sema tu, shemeji, kama unaniona mwizi. Si nitajua pa kwenda?"

Bi Nukta angeweza kumjibu kwa sauti ya mkuu wa shule, na alikuwa nayo kooni. Badala yake alimfungulia daftari, ukurasa uliokatwa kwa mstari mwekundu, akamweleza habari ya vibao vya njia tangu mwanzo hadi mwisho, hakujipunguzia hata chembe. Shemeji alisikiliza amekunja uso. Habari ilipofika kwenye kufuli la kabati, bega moja likaanza kumtikisika.

"Yaani... ulifungia mishale?"

"Mishale mia nane na kumi na miwili."

"Kwa kufuli?"

"La shaba."

Shemeji alicheka hadi akaketi bila kuombwa. Ndipo Bi Nukta alipoingia kwenye akaunti yenye mamlaka, akaiandika programu ya kuchorea kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, hiyo peke yake, na kumwonyesha kwamba hata yeye mwenyewe, akiingia kwa jina lake, hawezi kuongeza nyingine. Tangu siku hiyo kila Ijumaa diski ilitoka kabatini, ikanakili, ikajaribiwa, ikarudi kabatini. Shemeji ndiye aliyekuwa akikumbusha.

Miezi minane ilipita. Kisha siku moja ya kazi, saa nne asubuhi, wote watatu wakiwa nyumbani, barua pepe iliingia yenye kiambatisho kilichojiita ramani ya kiwanja. Katika nyumba ya wapima ardhi, ramani ya kiwanja si kitu cha kushangaza. Zilikuja tatu au nne kwa wiki. Mmoja wa watatu hao aliifungua. Haikuwa ramani.

Kioo kiliwaka chekundu kama kile cha Mzee Kopi. Lakini pembeni, programu ya ulinzi nayo ilikuwa ikitoa taarifa moja juu ya nyingine: imezuia, imezuia, imezuia. Shemeji alichomoa waya wa mtandao, binti akabonyeza swichi ya ukutani, na watu watatu wakabaki wamesimama mbele ya meza kama waliomwangusha mtoto wa wenyewe.

Fundi aliyeikagua alileta majibu kesho yake. Folda zote zilizolindwa zilikuwa salama, vipimo vyote mia nane na kumi na viwili, na vilivyoongezwa. Folda moja ilitekwa nzima. Iliitwa SAUTI.

Miaka miwili ya mwisho macho ya marehemu yalidhoofu, akawa anasoma vipimo kwa sauti kwenye simu akiwa kiwanjani, kisha anaviandika nyumbani. Rekodi zile alizihamishia kwenye folda hiyo. Hakuna aliyeiweka kwenye orodha ya ulinzi wala kwenye diski, kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha. Namba zilikwisha kuandikwa. Zilikuwa saa nyingi za mtu anayetaja mita na nyuzi za pembe, anakohoa, anamfukuza mbwa wa watu, anamwambia msaidizi ashike utepe vizuri. Binti alikuwa akizisikiliza akitoka zamu, akipika.

"Tulipe, mama," binti alisema. "Si pesa nyingi hivyo."

"Mwanangu, Mzee Kopi alilipa. Alipewa ufunguo?"

"Hakupewa."

"Mwizi akikuuzia mlango wako mwenyewe, kesho atakuuzia dirisha."

"Ni sauti ya baba."

"Najua ni ya nani."

Hawakulipa. Fundi alishauri folda iliyotekwa ihifadhiwe kama ilivyo, kwa kuwa pengine siku moja ufunguo wake utapatikana bure. Bi Nukta alinunua diski nyingine ndogo kwa kazi hiyo, akaibandika karatasi yenye tarehe, akaiweka kabatini. Usiku wa siku hiyo, na uliofuata, binti alipika bila kuwasha hata redio.

Mashine ilisafishwa yote, ikawekwa upya. Kilichochelewesha ni programu kuukuu, ambayo CD zake za kuisakinisha zilitafutwa kila droo hadi zikapatikana ndani ya boksi la viatu vya harusi. Siku kumi na sita zilikwenda hivyo. Na katika siku hizo ndipo alipokuja jirani aliyekuwa akijenga ukuta nyuma ya kiwanja chake, na mwenzake wa upande wa pili analalamika kwamba ukuta umeingia kwake.

"Bi Mwalimu, nitolee vipimo vya mpaka wangu. Marehemu alinipimia mwenyewe."

"Mashine iko kwa fundi. Njoo baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili? Kwani ina nini?"

"Iko kwa fundi."

Pengine angemweleza. Lakini kumweleza kungeleta swali la pili, na swali la pili lingeleta jina la mtu. Aliona heri aonekane mkali. Jirani alitoka, akapitia saluni kwa mkewe, na yaliyobaki yamekwisha kusemwa hapo mwanzo.

Yalipomfikia, Bi Nukta hakwenda kugombana na mtu. Aliingoja mashine. Ilipokuwa tayari, walirudisha mafaili kutoka kwenye diski, yeye akiwa na orodha na shemeji akifungua moja baada ya jingine, siku mbili mfululizo, kila faili, hadi vidole vikawa vigumu. Halikukosekana hata moja. Kisha alimtumia jirani ujumbe kwamba Jumamosi saa tatu vipimo vitasomwa papo hapo kwenye kiwanja, na anayetaka kusikia aje.

Walikuja wengi kuliko wanaokuja kwenye mkutano wa shule. Shemeji alisoma karatasi kwa sauti, akafunga utepe kwenye kona ya kisima, akapima kwenda, akapima kurudi. Mahali namba zilipokutana, alichimba. Kwa kina cha dhiraa moja sururu iligonga kitu kigumu. Lilikuwa jiwe la mpaka, na alama ya marehemu imechongwa juu yake. Ukuta mpya ulikuwa umelivuka kwa mita moja na robo, kuelekea kwa mwenzake.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisogea, wakaliangalia jiwe, wakaangalia ukuta. Mke wa jirani alikuwa na shughuli ghafla nyumbani kwake. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Basi marehemu alikuwa mtu safi," na Bi Nukta akamjibu kwamba alikuwa safi hata kabla ya sururu.

Jirani mwenye ukuta hakupenda kuondoka mikono mitupu.

"Haya, mama. Jiwe nimeliona, ukuta nitaubomoa. Lakini mashine yenu ilishikwa na kirusi, hilo hata fundi kalisema. Na kirusi hakiingii bila kufunguliwa."

"Kweli."

"Basi ni nani aliyekifungua? Ni huyu shemeji yako, tunayempa hati zetu? Au ni binti?"

Shemeji alikuwa anakunja utepe, akaukunja polepole zaidi. Binti aliangalia mchanga. Bi Nukta hakumwangalia yeyote kati yao.

"Kilifunguliwa na mtu wa nyumba yangu."

"Nani?"

"Mtu wa nyumba yangu."

"Si useme tu jina, mama, yaishe? Hata kama ni wewe, nani atakucheka?"

"Uliuliza habari ya jiwe, umeonyeshwa. Uliuliza habari ya mume wangu, umeonyeshwa. Hilo la tatu halikuhusu, na sitalijibu leo, wala kesho, wala ukija na mkeo."

Alichukua mkoba wake akaenda zake, shemeji na binti wakamfuata, mmoja kila upande. Hajalijibu hadi leo. Na asiyeridhika na yaliyoandikwa hapa asisumbuke kubisha hodi, kwa maana hakuna neno zaidi litakalosemwa.